Kiganja cha Rangi Iliyopauka

Gari halikuwa langu. Msichana naye hakuwa wangu, ingawa kwa muda nilijidanganya kwamba suala hilo lilikuwa bado halijaamuliwa. Kilichokuwa changu ni mikono tu, na mikono hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya barabara kuu ikiwa bado changa, nami nimetoka chuo kikuu na shahada moja, suruali mbili za bugaluu na imani kwamba nchi nzima ilikuwa inanisubiri. Nchi ilinipangia kufundisha sekondari Mbeya mjini. Nilikaa Uyole, katika nyumba ya vyumba viwili niliyogawana na rafiki yangu tuliyesoma naye tangu kidato cha kwanza. Yeye alikuwa bwana shamba.

Rafiki yangu huyu alipata vitu kama watu wengine wanavyopata mafua: bila kuvitafuta na bila kushangaa vikija. Shuleni alichaguliwa kiranja akiwa amelala bwenini. Mimi niliyekuwa nimepiga pasi sare yangu kwa ajili ya uchaguzi nilipewa kusimamia chaki. Kwa hiyo mlowezi mmoja wa kahawa kule Mbozi alipoamua kufunga virago na kurudi kwao Ulaya, sikupaswa kushangaa kusikia kwamba gari lake la spoti alimwachia rafiki yangu karibu bure. Sababu, eti, ni kwamba alikuwa mtu pekee aliyewahi kumsikiliza mzee yule akisimulia habari za mbwa wake hadi mwisho.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, rimu zenye spoku kama za baiskeli. Wakati fulani lilikuwa jekundu. Miaka ya kulala nje, jua la Mbozi mchana na umande asubuhi, ilikuwa imeligeuza kuwa na rangi ya fizi za mgonjwa. Ukipitisha kidole juu ya boneti kilitoka na unga. Watoto wa Uyole waligundua hilo mapema wakaandika majina yao ubavuni, na mmoja aliyekuwa na bidii akachora ng'ombe.

Rafiki yangu alikuwa akiliosha kwa sabuni ya unga na brashi ya kusugulia sakafu. Nilisimama dirishani nikamtazama, na ndipo wivu wangu ulipopata mizizi. Kwamba alikuwa na gari, hilo ningeweza kulivumilia. Kilichonikera ni kwamba alikuwa nalo na hakujua ana nini.

Mimi nilijua. Likizo zangu zote za sekondari nilizimalizia Iringa, kwenye gereji ya baba yangu mdogo, ambaye alikuwa fundi rangi na alinitumikisha kama punda huku akiita kazi hiyo malezi. Ndiye aliyenifundisha kwamba rangi ya gari haifi yote. Inayokufa ni ngozi ya juu. Ukiiondoa taratibu, kwa kitambaa laini na ile dawa nzito ya kusugulia tuliyoiita kampaundi, unaikuta rangi hai chini yake, mbichi kama siku ilipopulizwa. Ukizidisha pupa unaitoboa na kukuta bati. Alikuwa pia na desturi yake ambayo hakuwahi kuiacha: kila gari alilolisugua alibakisha sehemu moja, ukubwa wa kiganja, bila kuigusa. Mwenye gari alipokuja kulichukua alioneshwa kiganja kile kwanza. "Hivi ndivyo ulivyoniletea," baba mdogo alimwambia, kisha akakimalizia mbele ya macho yake. Alisema watu husahau haraka sana ubaya wa jana, na fundi anayetegemea kumbukumbu ya mteja atakula ugali mkavu.

Basi Jumamosi moja tulikuwa watatu Mwanjelwa, kwenye mgahawa mmoja, tunakunywa chai na maandazi. Wa tatu alikuwa karani wa posta, msichana wa Iringa aliyekuwa na mwanya na sauti ya mtu anayejua kwamba foleni itamsubiri. Nilikuwa nimenunua stempu nyingi mwaka ule kuliko nilivyokuwa na ndugu wa kuwaandikia. Rafiki yangu alikuwa amemfahamu juzijuzi tu, kupitia kwangu. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya mgahawa, na msichana alikuwa akilitazama kama mtu anayetazama mbuzi mwenye upele.

"Hivi mnategemea mtu apande kitu hiki mchana kweupe?" aliuliza. "Kimepauka kama goti la mchunga ng'ombe."

"Linatembea," rafiki yangu alisema, akimega andazi.

"Hata kobe anatembea."

Hapo ndipo nilipofungua kinywa changu. "Mimi naweza kuling'arisha," nilisema, "mpaka ujipake poda kwa kujitazama mlangoni."

Aligeuka akaniangalia. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikingojea kuangaliwa namna ile.

"Kweli, mwalimu?"

"Kweli tupu."

"Wewe na hiyo shahada yako?"

"Kabla ya shahada nilikuwa na kazi ya maana."

Akacheka, mwanya wote nje. Nilikuwa bado naufaidi mwanya ule aliposema, "Basi ling'arishe haraka. Kwetu posa haiwezi kuletwa na gari lenye ukurutu. Baba yangu alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, gari analisoma kabla hajamsoma mtu."

Nilimgeukia rafiki yangu. Alikuwa akikoroga chai yake na kutabasamu ndani ya kikombe. Hivyo ndivyo nilivyopata habari.

Mtu mwenye akili angeugua ghafla. Mimi Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeshaliingiza gari kwenye kibanda cha viazi nyuma ya nyumba, maana kazi ile haifanywi juani. Kampaundi nilimwagiza dereva wa lori aliyekuwa akipita Uyole kutoka Zambia. Madukani kwetu wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Nililiosha kwa maji mengi. Nikaondoa madoa ya lami kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Nikapitisha msasa wa maji, ule laini kabisa, mahali palipokwaruzwa tu. Kisha nikaanza kusugua, sehemu ndogondogo, nikikaribia kona napunguza mkono, kwa sababu kwenye kona rangi ni nyembamba na ndiko wenye pupa wanakoumbuka.

Wekundu ulipotokeza mara ya kwanza, karibu na taa ya kushoto, nilikaa chini kwenye gunia. Sikujua kwamba lilikuwa jekundu kiasi kile. Nilijua papo hapo kwamba ninafanya ujinga. Kila nilipopitisha kitambaa nilikuwa nampendezesha mtu mwingine, na sikuwa na uwezo wa kufanya vibaya. Nilijaribu, nakiri, nililegeza mkono kwa makusudi kwenye mlango mmoja. Nusu saa baadaye nilikuwa nimerudi mlangoni pale pale, kwa sababu nilikuwa nauona hata nikifumba macho.

Msichana alianza kuja akitoka kazini. Siku ya kwanza alileta kanga yake kuukuu, iliyofuliwa mpaka maneno yake yakafutika, akaichana vipande mbele yangu.

"Vitambaa vyako ni vikavu," alisema. "Hii ni laini. Nimeivaa tangu nikiwa shule."

Nikasugua gari la mwanamume mwingine kwa kanga hiyo. Sijui kama wataalamu wa wivu wameshaipa hali ile jina lake.

Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akinisimulia vituko vya posta: mzee aliyelamba gundi ya bahasha akaomba ya pili, mama aliyetaka kuongea na mwanawe wa Dar es Salaam kupitia tundu la sanduku la barua. Alicheka kabla ya kufika mwisho wa kila kisa. Mara nyingine alichukua kipande cha kanga akasugua ubavu wa pili, nami nikamkosoa ili tu aniulize tena.

"Hivi, mwalimu?"

"Mstari ulionyooka. Si mviringo. Mviringo unaacha alama, juani unaonekana kama utando wa buibui."

"Eeh, kumbe una maneno. Darasani pia unasema hivi?"

"Darasani hakuna anayesikiliza."

"Mimi nasikiliza."

Siku moja nilimwonesha kiganja cha baba yangu mdogo. Nilikuwa nimekiacha nyuma ya mlango wa dereva, chini kidogo ya ukingo, kipande cha waridi chafu katikati ya wekundu. Nilimweleza desturi yenyewe. Alichutama, akakipima kwa kiganja chake; kilienea sawasawa.

"Kwa hiyo hapa ndipo panapojua kazi yako," alisema.

"Nitapamalizia siku ya kukabidhi."

"Usipamalizie."

Sikumwuliza kwa nini. Niliogopa angenipa sababu ya kawaida.

Na mwenye gari? Mwenye gari alikuwa mpirani. Alipita asubuhi, akachungulia kibandani, akapiga mluzi wa kuvutiwa, akasema, "Nyie endeleeni. Mimi nikikaa karibu nitaharibu," akaondoka na viatu vyake begani. Jumamosi baada ya Jumamosi aliniachia mchumba wake ndani ya kibanda cha viazi, wala hakuwahi hata kurudi kwa kushtukiza. Hakunionea wivu hata chembe. Hilo liliniuma kuliko mengine yote. Mtu anayekuachia mchumba wake hivyo amekwisha kukupima, na vipimo vyake vinajulikana.

Nilipomaliza nta ya mwisho, tulilisukuma gari nje. Jirani yetu mwenye ng'ombe wa maziwa alitoka, akaliangalia, akatembea kuzunguka mara nyingi akiwa na ndoo mkononi. Lilipopita Mwanjelwa, vijana waliliimbia kama walivyowaimbia wakubwa wapya waliorithi ofisi za wazungu, "Kabaila! Naizi huyo!" Lilipokuwa bovu hakuna aliyeliita la kibepari. Nilipolisugua ndipo lilipoingia kwenye siasa. Nao hawakuwa wakiniita mimi. Waliokuwa wakiitwa walikuwa wawili wa viti vya mbele, na gari lile halikuwa na viti vya nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara nimeshika debe.

Ikabaki posa yenyewe. Msichana alitangulia Iringa kwa basi, likizoni. Kwao, kama kwetu, mwanamume haendi kujiombea mke. Anatuma mshenga, mtu wa maneno, pamoja na mzee wa ukoo wa kumshuhudia. Gari lilikuwa na viti viwili. Rafiki yangu alikaa juu ya kitanda changu akanitazama kwa yale macho yake ya kiranja.

"Nani mwingine ana maneno kama wewe, ndugu mwalimu?" aliuliza.

"Wapo wengi."

"Nitajie mmoja."

Nilifikiri kwa muda mrefu na kwa bidii kubwa. Sikupata hata mmoja aliyenizidi. Hayo ndiyo majivuno yangu, na yeye aliyafahamu vizuri kuliko alivyofahamu gari lake.

Basi nililiendesha mwenyewe. Chimala nilimchukua mjomba wa rafiki yangu, mzee wa mpunga mwenye koti zito, aliyepanda akiwa amekumbatia furushi la mchele na blanketi jipya la bibi wa msichana, na hakulitua hata moja hadi Iringa. Paa tulikuwa tumelifunga, lakini upepo uliingia kila mahali. Mafinga ilitupokea kwa ukungu. Kila tuliposimama nilishuka na kipande cha kanga nikafuta vumbi.

"Mwanangu," mjomba alisema kutoka nyuma ya furushi, "gari hili unalipenda kuliko mwenyewe."

"Ni uzuri wa safari, mjomba," nilimjibu.

Tulilala mjini kwa baba yangu mdogo. Jumapili, kanisa lilipotoka, tuliteremka Ipogolo, kwa kina msichana. Wazee walikuwa wamekaa uani. "Kamwene," mjomba alisema, nao wakajibu kamwene, na kwa kuwa Wasangu na Wahehe hawapungukiwi na salamu, ilichukua muda hadi kila ndugu, mazao na mvua vikaulizwa hali. Kisha nikapewa nafasi.

Nilisema vizuri. Inanibidi niwe mkweli: nilisema vizuri mno. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitasema kwa kiasi, maneno ya kutosha tu mtu asinilaumu. Lakini wazee walikuwa wanasikiliza, wanatikisa vichwa, na mimi ni mwalimu ambaye darasani hakuna anayesikiliza. Nilimsifu rafiki yangu kwa utulivu, kwa huruma, kwa kutokuwa na tamaa. Nilipofika kwenye uvumilivu wake mama mmoja alifuta jicho. Nilipoketi nilikuwa natamani kuolewa naye mimi mwenyewe.

Baba wa msichana hakutikisika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya udereva ambayo kustaafu hakukumvua. Alituacha tukila makande na maziwa ya mgando, akazungumza habari za mizani ya malori hadi saa nane ikapita. Wakati ule magari ya binafsi yalikuwa marufuku barabarani Jumapili baada ya saa nane, kwa ajili ya kubana mafuta. Nadhani alikusudia. Alitaka gari lisimame mahali anapoweza kuliona.

"Sasa hamwendi popote," alisema. "Hebu tulione."

Tukatoka wote. Alilizunguka taratibu, mikono nyuma. Aliinama akalitazama kwa ubavu, jicho moja limefumbwa, kama mtu anayetafuta utando wa buibui. Hakuupata. Akafika mlango wa dereva, akaona kiganja. Akakigusa kwa kidole gumba, akautazama unga, akagusa wekundu wa pembeni, akatazama kidole: kisafi.

"Lote lilikuwa hivi?" aliuliza.

"Lote, baba," nilisema.

"Nani alilisugua?"

Nilivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu Mwanjelwa, mtu wa maana alikuwa ameniuliza swali la maana. Na kabla pumzi ile haijawa neno, mjomba, ambaye alikuwa ameona mlango wa bahati ukifunguka kwa ajili ya ukoo wake, alisema kwa sauti kubwa, "Mwanetu mwenyewe! Mwezi mzima, kwa mikono yake!"

Mshenga hana mdomo wake. Amekuja na mdomo wa mwingine, na mzee wa ukoo akishasema, kumkanusha mbele ya wakwe ni kuvunja posa na kumvua mzee nguo. Baba wa msichana alinigeukia mimi, kwa kuwa msemaji nilikuwa mimi. Nikasema, "Ana mikono mizuri."

"Ana subira," baba alisema, bado anakitazama kiganja. "Mtu anayeweza kufanya hivi hatampiga mwanangu kwa sababu chumvi imezidi." Akasimama wima. "Waambieni kina mama waongeze maji kwenye chai."

Hivyo ndivyo ilivyokubaliwa.

Wakati wa chakula cha jioni msichana alikuja na birika na beseni kutunawisha. Alianza kwa baba yake, akaja kwa mjomba, akafika kwangu. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na macho yameinama kama inavyotakiwa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Aliyamimina taratibu kuliko alivyowamiminia wengine, kisha akasimamisha birika.

"Mwalimu," alisema, si kwa kunong'ona, "mbona kucha zako nyekundu?"

Baba yake aliinua kichwa. Mjomba aliacha kutafuna. Ile kampaundi huchanganyika na rangi na kuingia chini ya kucha, na haitoki kwa sabuni. Inabidi kucha iote upya. Zote kumi zilikuwa pale juu ya beseni, kama ushahidi mahakamani.

Alikuwa akinifungulia mlango? Au alikuwa akinitania tu, kama alivyotania kila mtu? Au alitaka baba yake ajue ukweli kwa sababu hakupenda uongo uanze kukaa nyumbani kwake? Nimelitafuna swali hili tangu siku ile, nikiwa na miwani na nikiwa bila miwani. Wakati ule nilikuwa na muda wa matone mawili.

"Nilimsaidia kuosha," nilisema.

Akanitazama kidogo. Kisha akainamisha birika, maji yakaendelea.

"Haya, shemeji," alisema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Walioana, wakahamia Iringa, na rafiki yangu akapandishwa cheo bila kuomba. Nilipompelekea taarifa ya ule uongo wa mjomba alicheka hadi akashika ukuta, akanishukuru kwa moyo mweupe. Mwaka uliofuata alikuwa bado anacheka akisimulia. Miaka ilivyokwenda kicheko kilipungua, simulizi ikabaki.

Mara ya mwisho nilipowatembelea alikuwa na wageni wa kazini. Aliwachukua nje baada ya chakula, akafunua turubai, akafika mlango wa dereva na kuinama.

"Oneni hapa," aliwaambia, akiweka kiganja chake juu ya kiganja changu. "Hivi ndivyo lilivyokuwa. Nimepaacha makusudi, watu wasije wakasema lilikuja hivi hivi."

Wageni waliguna kwa heshima. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono. Mwanya ulikuwa bado upo.

"Mwambie apamalizie basi, shemeji," aliniambia.

"Ni pa mwenyewe," nilimjibu. "Mimi niliosha tu."

Hakucheka. Wageni walipoingia ndani kunywa chai, nilibaki nyuma nikilitazama gari. Boneti lilikuwa limeanza kufifia tena, karibu na taa ya kushoto, kidogo sana. Ilihitaji jicho linalojua mahali pa kutazama, na pale uani jicho hilo lilikuwa moja tu. Nilipitisha kidole. Kikatoka na unga.

Nilikuwa nimevaa suti yangu pekee. Kabla sijapata nafasi ya kujishauri nilikuwa nimeshavua koti na kukunja mikono ya shati, na nilipogeuka kuomba kitambaa, yeye hakuwepo tena mlangoni. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha mlio wa kanga kuukuu inayochanwa.